Kiboko Kimoja kwa Kila Herufi

Jirani yetu wa upande wa juu anatengeneza viatu vya matairi. Asubuhi analowesha kisu, anakata mpira, na jua likipanda harufu inavuka ukuta na kuingia jikoni kwangu bila kubisha hodi. Wengine wakiisikia wanakumbuka lori na barabara. Mimi si mtu wa barabara. Safari yangu ndefu ya juma hili ilikuwa kwenda bombani na kurudi, na hata hiyo niliilalamikia njia nzima. Mimi nikisikia mpira uliokatwa, viganja vyangu vinajifunga vyenyewe. Nimeshavunja sahani mbili kwa namna hiyo, na yai moja lililokuwa la mwisho. Binti yangu Neema anasema mama yake ana jini la matairi.

Si jini. Ni darasa la sita.

Ninyi mliokuwa watoto hapa Kalemie wakati ule mtanielewa bila maneno mengi, lakini nitayaweka mengi vilevile, maana ndiyo kazi pekee niliyofundishwa vizuri. Mwalimu wetu alikuwa Mwalimu Kalunga, mtu mfupi, safi, mwenye shati lililopigwa pasi ya makaa mpaka kola ikasimama kama ubao. Shule haikuwa na kamusi hata moja. Ilikuwa na tablo, ubao wa kuandikia, lililopasuka katikati, madawati tuliyobanana wanne wanne, na kipande cha mpira wa tairi, urefu wa mkono wangu, ambacho mwalimu alikiita Diksionere, yaani kamusi. Ukikosa neno la Kifaransa alikuuliza kwa upole, "Nikufungulie Diksionere?" Hakuna aliyewahi kujibu ndiyo, na hakuna aliyewahi kusamehewa kwa kujibu hapana.

Kila Ijumaa, saa ya mwisho, tulicheza. Mwalimu aliita "mchezo", nasi tukaita hivyohivyo kwa kuwa hatukuwa na jina lingine. Wawili walisimama mbele, wanaangaliana. Mmoja anasema neno la Kifaransa; herufi yake ya mwisho ndiyo mwenzake anaanzia neno lake. Hakuna kurudia neno lililokwisha kutajwa siku hiyo. Mwalimu anahesabu kwa vidole mpaka kumi. Akifika kumi umenyamaza, umeshindwa, unanyoosha mikono, na aliyekushinda anachukua Diksionere na kukuchapa. Siyo mwalimu, mwenzako. Na idadi ya viboko ni idadi ya herufi za neno lililokushinda. Neno la herufi tano, viboko vitano. Mwalimu mwenyewe alikaa kitini, mguu juu ya mguu, anahesabu nasi kwa sauti.

"Na kama muntu anamuhurumia mwenzake," alituambia siku ya kwanza, "miye nitamufundisha namna ya kupiga. Ku mugongo yake."

Alitimiza. Mtoto aliyechapa kwa mkono mwepesi alinyang'anywa mpira, akaonyeshwa uzito unaotakiwa kwenye mgongo wake mwenyewe, kisha akarudishiwa aanze upya kuanzia kiboko cha kwanza. Tukajifunza upesi kwamba huruma inazidisha hesabu kwa wote wawili.

Niseme ukweli: maneno tulijua. Wavulana waliyatafuta maneno marefu jinsi wengine wanavyookota mawe kabla ya ugomvi. Kuna mmoja alifundishwa na mjomba wake neno la Kifaransa lenye herufi ishirini na tano, linaloanza na a, akalikariri mwaka mzima akisubiri zamu yake. Siku herufi a ilipomfikia alianza vizuri, akapotea katikati, akarudi mwanzo, akapotea tena, mwalimu akafika kumi. Alichapwa saba. Alilia zaidi kwa ajili ya zile ishirini na tano alizobaki nazo mdomoni.

Mimi nilikuwa bingwa. Msicheke. Huyu mnayemwona anaogopa kuku alikuwa anaogopwa na wavulana. Sikuwa na akili kuliko wao, ila nilikuwa na Papa. Papa alikuwa mekanisien, fundi wa mashine, kwenye depo ya reli, na kwa vile paa la depo lilivuja, kitabu cha vyuma vya mashine kililala kwetu, kimefungwa kwenye plastiki, juu ya kabati ya Mama. Kila sehemu ya treni ilikuwa na picha na jina lake. Saa sita, tukisubiri bukari, ugali wetu, ipoe, Papa aliniuliza, "Mado, hii?" nami nikasema: *essieu*, ekseli. *Écrou*, nati. *Chaudière*, lile pipa kubwa la mvuke, herufi tisa. Wenzangu walileta darasani paka na meza. Mimi nilileta treni.

Mwaka ule vijiji vya upande wa Niemba viliungua kwa vita. Watu waliingia mjini kwa kufuata reli, wengi wamebeba sufuria na watoto tu, wengine wamebeba watu wenye mishale bado mwilini. Walilala kwenye shule, kanisani, chini ya plastiki za msaada. Sisi watoto wa mjini tuliwatazama kama watu waliokuja kutubana. Nasi tuliwabana pia. Wakati wa mapumziko kulikuwa na ngumi kila siku, kwa sababu ya maji, kwa sababu ya kivuli, kwa sababu ya bure.

Feza alitoka huko. Aliwekwa kwenye dawati langu, kando yangu kabisa, msichana mrefu mwenye sauti ndogo, anayeandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia aliufunga ngumi muda wote na kuuficha chini ya dawati. Tulikaa bega kwa bega miezi kadhaa, tukagawana maparachichi, na sikuwahi kuuona mkono ule wazi. Darasa zima lilisema anaficha kitu. Wengine walisema sukari, wengine hirizi. Mimi nilisema sukari. Nilikuwa nimekasirika kidogo kwamba hanigawii.

Mwanzoni Feza alishindwa kila Ijumaa, na kila mara alinyoosha ule wa kushoto tu, na wote waliomshinda walikubali, kwa kuwa mwalimu hakuwa ametazama vizuri. Kisha akaanza kushinda. Aliwashinda wavulana wawili. Akamshinda yule wa herufi ishirini na tano. Ijumaa mbili kabla ya mtihani wa kumaliza shule ya msingi, Mwalimu Kalunga akatuita mbele, mimi na yeye.

"Mado na Feza. Benchi moja. Leo tutaona nani anaibia mwenzake maneno."

Tulienda mbali kuliko wote waliotutangulia. Nilisema *essieu*, akarudisha *urine*, mikojo, darasa likaanguka kicheko, mwalimu akalikubali. Niliporusha *écrou*, alirudisha *usine*, kiwanda. Sikutegemea. Nilianza kutoka jasho nyuma ya magoti. Akasema *fleur*, ua, nikasema *rebord*, ukingo wa gurudumu, nikadhani nimemaliza kazi. Feza akanitazama na kusema polepole:

"*Deux*."

Mbili tu. Neno la mtoto wa darasa la kwanza. Lakini linaandikwa na x mwishoni, na kitabu cha Papa hakina chuma kinachoanza na x.

"Moja," akasema mwalimu. "Mbili."

Nilipitia mashine nzima kichwani, toka taa ya mbele hadi behewa la mwisho. "Sita. Saba." Niliona viboko vinne vinakuja, na havikuniuma hivyo, kilichoniuma ni kuangushwa na mtoto aliyekuja juzi na sufuria. "Tisa."

"*Xabroux*!" nikasema.

Halikuwa neno. Nililitengeneza palepale, nikaweka x mbele na nyingine nyuma, kama mtu anayefunga mlango kwa kufuli mbili. Mwalimu akaniangalia. Nikamtajia herufi moja moja, kwa sauti ya Papa.

"Njo nini hiyo?"

"Chuma ya treni, Mwalimu. Iko mu kitabu ya Papa."

Angeweza kusema hajui. Lakini hapa ni mji wa reli, nusu ya darasa ni watoto wa depo na bandari, na yeye alikuwa mtu wa kola iliyosimama. Akaitikia kwa kichwa kama aliyekutana na rafiki wa zamani.

"Neno la kiteknik. Wote muandike!"

Na wote wakaandika. Biki hamsini zikaandika uongo wangu kwa pamoja, mwandiko mzuri. Feza, aliyesimama mbele pamoja nami, hakuandika. Alikuwa anatafuta neno la x, midomo inatembea, mpaka kumi ikafika.

Herufi saba. Alinyoosha mkono wa kushoto.

"Yote mbili," akasema mwalimu, ambaye siku hiyo alikuwa ametazama vizuri.

Akatoa wa kulia, ngumi.

"Fungua mukono."

"Haifunguke, Mwalimu."

"Unaficha nini mule?"

"Haifunguke."

"Sukari!" mtu akapiga kelele nyuma. "Mado, mutoleshe sukari!"

Nami, Mungu anisamehe, nilitaka kuona. Nilidhani anafanya kiburi. Nilidhani nikipiga vizuri itafunguka na vitu vyake vitaanguka chini mbele ya watu wote. Nikapiga. Kimoja, darasa likahesabu. Viwili. Nilipiga kwa uzito unaotakiwa, maana nilifundishwa. Cha tano kilipasua ngozi juu ya vifundo. Cha sita na cha saba vilitoa sauti tofauti, ya kitu kilicholowa. Feza hakulia, alitoa pumzi fupi fupi kwa pua, kama mtu anayebeba mtungi kilimani.

Mwalimu akasimama, akaushika ule mkono, akajaribu kuukunjua kwa vidole vyake. Ndipo nikaona kiganja. Hapakuwa na sukari. Ngozi ilikuwa imeyeyuka na kushikana, vidole vitatu vimelala ndani yake, vinang'aa, vyekundu kama utumbo wa samaki. Ilikuwa kazi ya moto. Mkono ule ulikuwa umefungwa tangu nyumba yao ilipoungua.

"Kumbe," akasema mwalimu. Akauachia ule mkono. "Ungesema."

Feza alikuwa amesema mara mbili. Nilikuwa karibu kuliko wote.

Jumatatu alikuja na kitambaa cha kikwembe kimefungwa mkononi. Akakaa mahali pake, kando yangu, akafungua kaye yake, daftari, kurasa za nyuma. Kulikuwa na orodha ndefu ya maneno, mwandiko wa kushoto, kila moja na maana yake.

"Njo nini haya?" nikamuuliza, kwa kuwa ilinibidi kusema kitu.

"Maneno yenye yalinipiga," akasema. "Neno ikishanipiga, inakuwa yangu. Siilipi mara mbili." Akaweka kidole kwenye la mwisho. Mbele ya *xabroux* palikuwa patupu. "Hii njo nini, Mado? Ile siku hukusema vizuri."

Hapo palikuwa pa kusema. Hakukuwa na mwalimu wala mpira, tulikuwa sisi wawili tu. Nikasema, "Njo chuma ya katikati ya behewa mbili. Inazishikamanisha, zisiachane."

Akaandika yote, taratibu. "Asante," akasema.

Juma lile sikula vizuri, na mnaonijua mnajua hiyo ni habari kubwa. Saa sita Papa alifungua kitabu, mimi nikasema kichwa kinauma. Nilipanga mpango wangu wa mtu mwoga, ambao niliuona mzuri sana. Ijumaa ijayo, mwalimu akituita tena, nitampa Feza neno linaloishia x. Yeye atasema *xabroux*, mimi nitanyamaza mpaka kumi, naye atanichapa saba. Saba kwa saba. Hakuna atakayejua, na hakuna atakayelazimika kukiri chochote. Nilifurahia hata maumivu kabla hayajafika. Nilijipima mbele ya kioo namna ya kuyavumilia.

Ilikuwa Ijumaa ya mwisho. Jumatatu yake mtihani. Mwalimu akatuita, kama nilivyojua.

Tulicheza kidogo tu. Feza akasema *champ*, shamba. Ningeweza kusema *piston* nikiwa nimelala. Lakini nikatoa neno lililokuwa limeandikwa kwenye tisheti za bure mji mzima wakati ule, wapokeaji wa unga wote walilivaa kifuani:

"*Paix*."

Amani. Herufi nne. Nikamtazama na kumfungulia macho: sema, basi, sema.

"Moja," akasema mwalimu.

Nyuma wakaanza kunong'ona, "Xabroux, Feza! Xabroux!" Wote walikuwa nalo kwenye kaye. Feza alinitazama usoni, siyo kwa hasira. Alinitazama jinsi mtu anavyotazama mtungi kuona kama umepasuka. Mwalimu akafika saba, akafika nane, akapunguza mwendo ili kumsaidia, kitu ambacho hakuwahi kumfanyia mtu.

"Sina neno, Mwalimu," akasema Feza.

"Unalo! Lilikuchapa juzi tu!"

"Sina."

Akanyoosha mkono wa kushoto. Ule wa kuandikia.

Ningependa kuwaandikia hapa kwamba niliutupa mpira dirishani. Nimeisimulia hivyo mara moja, kwenye arusi, watu wakanipigia makofi. Sikuutupa. Nilichapa kimoja, kwa mkono mwepesi. Mwalimu akauchukua mpira bila kusema, akanigeuza, akanionyesha. Kuonyeshwa kulichukua muda. Kisha akaniwekea mpira mkononi na kusema, "Kuanzia moja."

Nikaanza kuanzia moja. Nilimchapa mwenzangu amani, viboko vinne, vyenye uzito, kwenye mkono pekee uliokuwa unafunguka, na Jumatatu yake alikuwa na mtihani.

Aliufanya. Nilimwona mbele yangu, kashika biki kwa vidole vilivyovimba kama ndizi za kukaanga, anatua kila mstari kupuliza kiganja. Majina ya waliofaulu yalipobandikwa ukutani lake lilikuwepo, chini kabisa, lakini lipo. Mtu aliyesoma kwa sauti aliliita mara tatu. Feza na watu wa kwao walikuwa wameshafuata reli kurudi, kuona kama kuna kitu kimebaki.

Kwa miaka nilijiambia kwamba Feza alinihurumia. Aliona ninachotaka, akakataa kunichapa. Niliishi vizuri na hadithi hiyo. Ilimfanya yeye malaika na mimi mtu anayestahili malaika. Nikamaliza sekondari, nikafanya pedagojia, nikapata diploma ya kufundisha watoto. Iko kwenye fremu, sebuleni. Sijasimama mbele ya darasa hata siku moja. Watu wakiuliza nasema napenda nyumbani, na kweli napenda.

Papa ndiye aliyenivunjia hadithi, mwaka wake wa mwisho, mchana mmoja amekaa barazani na kile kitabu magotini, kilichobaki plastiki zaidi kuliko karatasi.

"Ile mutoto mwenye mukono ya kufungwa na kikwembe," akasema, "mwenye mulikuwa naye ku benchi. Iko wapi siku hizi?"

"Sijui, Papa. Ulimujua?"

"Alikuja ku depo, peke yake. Alinisalimia muzuri sana. Akafungua kaye: Papa, hii njo nini? Nikatazama. Nikamwambia, mama, miye niko ndani ya mashine tangu ujana, kitu kama hii haiko. Akauliza, haiko kabisa? Haiko kabisa. Basi akatia mate ku kidole, akaifuta." Papa alicheka kidogo. "Alifuta mpaka karatasi ikatoboka."

"Ilikuwa siku gani?"

"Alhamisi, siku moja tu mbele ya ile Ijumaa ulirudi na mugongo imevimba."

"Na hukuniuliza?"

"Nikuulize nini tena? Niliona mugongo. Nikasema, Mwalimu ameshauliza."

Kumbe haikuwa huruma. Feza hakuwa anafikiria juu yangu hata kidogo. Alikuwa ameulizwa kama ana neno, naye hakuwa nalo. Lile halikuwa neno, alilifuta, basi hana. Akanyoosha mkono.

Shuleni kwao Neema wanacheza mchezo huohuo, ila anayeshindwa anapigiwa makofi ya kutiwa moyo, jambo ambalo wazee wa mtaa wanaliona ni kuharibu watoto. Jana alinikalisha mkekani, mimi na maharage yangu ya kuchambua. Kwa nyumbani tuna sheria yetu: aliyeshindwa anapigwa kiganjani kwa vidole viwili. Tukaenda, tukaenda, harufu ya jirani ikaingia, na mtoto akasema kwa furaha kubwa:

"*Prix*! Mama, iksi! Umekwisha!"

Ninalo neno la x. Nililipata baadaye sana, kwenye kamusi ya kweli: *xylophone*, ile ngoma ya mbao. Herufi tisa. Nilikuwa nalo kabisa kwenye ulimi.

"Sina," nikasema.

"Leta mukono basi."

Nikaunyoosha. Neema akainua vidole vyake viwili, akasita, akainama kuutazama.

"Mama, mbona umeufunga? Unaficha nini?"

Nikaukunjua kwa ule mwingine, kidole kimoja kimoja, mpaka ukawa wazi wote. Kisha nikaweka maharage kando, nikaanza kumwambia.